Ufunguo Usioazimwa

Paswedi yetu ilikuwa "karibuni". Naitaja wazi kwa sababu imeshakufa, haifungui kitu tena. Husemwa marehemu asisemwe vibaya, lakini huyu atasemwa. Redioni wanaiita nywila. Sie katika zahanati yetu ndogo hapa Wawi tulikuwa tukiiita paswedi tu, na tuliigawa kama chumvi. Jirani akija na kikombe kuomba chumvi, utamwambia huna? Basi na aliyeuliza paswedi alipewa vivyo hivyo, tena kwa tabasamu.

Mie kazi yangu ni mapokezi na kompyuta. Mgonjwa akiingia, mie ndiye wa kwanza kumwambia karibu. Akishapigwa picha ya eksirei au ya altrasaundi, mie ndiye ninayeituma picha yake ng'ambo, kwenye hospitali kubwa yenye mabingwa wa kuisoma. Daktari wetu ni mmoja tu, mtu mzima, mpole, na mwenyewe husema macho yake yana mwisho. Mabingwa wakishasoma, majibu hurudi kwa njia ile ile. Unafungua ukurasa, unaandika "karibuni", unachukua faili. Ilikuwa kazi nyepesi mno, na kitu chepesi mno hupeperuka.

Nani alikuwa haijui paswedi ile? Daktari anaijua, mie naijua, mwenzangu wa dirisha la dawa anaijua. Mlinzi naye anaijua, ingawa kompyuta kwake ni kitu cha kufutwa vumbi. Fundi aliyetutengenezea mashine zamani alihama nayo kichwani. Halafu printa yetu ikafa. Mkabala na zahanati pana stesheneri, na bwana mwenye stesheneri ni mtu mwema, mcheshi, hana baya na mtu. Daktari akaona, kwa nini tuhangaike? Akampa paswedi. Majibu yakija, yule bwana anayafungua huko huko dukani kwake, anayachapa, anatuletea mwenyewe na maneno ya mzaha. Tukamshukuru. Tukamwombea dua. Wallahi hakuna hata mmoja wetu aliyeona ubaya wa jambo lile, mie nikiwemo, na mie ndiye ninayejiona mkali.

Basi akaja mama mmoja wa Chokocho. Mwanamke wa makamo, mkulima, mwenye mikono ya kazi na sauti ya chini. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na ilimchukua muda kuja kwa sababu ya haya. Alinong'ona pale mezani kwangu hata nikalazimika kuinama ili nimsikie. Tukampiga picha, nikaituma, tukamwambia arudi kuchukua majibu.

Majibu yakaja, yakachapwa stesheneri, yakawekwa juu ya meza ya duka yakingoja kuletwa. Pale dukani akaingia mtu wa Chokocho huko huko, kaja kutoa kopi za mambo yake. Macho hayana pazia. Akasoma jina, akasoma na lililofuata.

Mama wa Chokocho alikuwa njiani kuja kwetu, kateremka sokoni mjini Chake kununua sabuni, akakutana na mwanamke wa kijijini kwao. Yule mwanamke akamshika mikono yote miwili. "Pole, mwenzangu. Mungu akupe subira."

"Pole ya nini?"

Hebu fikirini. Mtu kapewa pole kabla hajapewa majibu. Kasimama sokoni na sabuni yake mkononi, anapokea pole ya ugonjwa ambao daktari hajamtajia bado.

Alikuja mpaka kwenye meza yangu. Hakukaa. Nilimwambia karibu, akanitazama mpaka nikalijutia lile neno. "Nimekuja kuwaambia kwamba siji tena kuno," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika mpaka kwenye benchi la wagonjwa. "Nilikuleteeni titi langu kwa siri. Mmelitandaza njiani." Akatoka. Ile karatasi hakuitaka hata kuiona.

Karatasi ilisema uvimbe ni wa kutilia shaka, na kwamba apigwe picha nyingine, ya karibu zaidi, bila ya kuchelewa, ili mabingwa wakae pamoja waamue. Daktari aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Akirudi sasa, kuna tamaa kubwa ya kupona," alisema. "Akikaa nyumbani, sijui." Basi hilo ndilo lililobaki kwetu sote, kwamba mwanamke yule arudi au asirudi.

Nilivuka njia mpaka stesheneri na nikamwaga maneno ambayo siwezi kuyaandika. Yule bwana alisimama na rimu ya karatasi kifuani, macho yakamjaa maji. "Mie si nilikuwa nakusaidieni?" aliniuliza. Na kweli alikuwa akitusaidia. Ndiyo maana hasira yangu ilikosa pa kwenda, nikarudi nayo nyumbani, ikanikosesha raha na mume wangu asiyekuwa na kosa lolote.

Wazee wetu husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona kila kitu, na akitoka mle chumbani midomo yake imefungwa. Ndiyo heshima yake. Sie tulikuwa waosha tulioacha mlango wazi, tukawaambia wapita njia karibuni. Niliona aibu, na sikuificha, nikamwambia daktari mbele ya wenzangu kwamba ama njia hii ibadilike ama mie nikakae kwangu nisuke ukili wa mikeka.

Kumbe hospitali ya ng'ambo nayo ilikuwa imeshachoka na mapaswedi ya zahanati. Wakamtuma fundi wao, na tulipomsikia akizungumza tukajitazama. Alikuwa binti wa Kiuyu, Mpemba mwenzetu, kasoma kasoma huko akaajiriwa huko huko. Aliniita shangazi tangu salamu ya kwanza, na mtu akishaniita shangazi huwa amenipata.

"Kuanzia leo hakuna paswedi," alisema.

"Mpya ni ipi?" akauliza daktari, kalamu mkononi.

"Hakuna, daktari. Hata mpya hakuna."

Daktari akabaki na kalamu yake hewani. Mwenzangu wa dirisha la dawa akauliza sasa tutaingiaje, kwa miujiza?

Binti akavuta kiti. "Paswedi ni neno. Neno likishatoka mdomoni halina mwenyewe. Yeyote atakayeliandika, seva yetu, ile kompyuta kubwa ya kule hospitali, itamfungulia, haimuulizi katoka wapi. Cheti si neno. Mashine yenu hii itakuwa na ufunguo wake wa siri, na pamoja nao cheti, faili dogo lenye mhuri wetu linalosema mashine hii tunaijua, ni ya zahanati ya Wawi. Ikibisha hodi, seva inaitolea fumbo ambalo bila ya ule ufunguo halifumbuliki. Ikilifumbua, inaingia. Ufunguo wenyewe hautajwi wala hautumwi, unabaki ndani. Na seva nayo inaonyesha cheti chake, msije mkampa picha za mgonjwa mtu aliyejifanya ndiye sisi."

"Na mtu akitaka kusaidiwa?" akauliza daktari. "Tuseme yule bwana wa stesheneri?"

"Hamna cha kumpa, daktari."

"Hata nikitaka?"

"Hata ukitaka."

Daktari alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea kutoa na leo kaambiwa mfuko mtupu. Mie nilipenda. Niliona kwa mara ya kwanza kitu ambacho ukarimu wetu hauwezi kukiharibu. Nilijidanganya, lakini ngojeni kwanza.

Siku ile mtandao ulikuwa umelala. Kwa kawaida, alisema binti, ufunguo huzaliwa ndani ya mashine yenyewe na hautoki humo, ila kwa vile mtandao haukubali, alikuja nao tayari kwenye flashi. Akauingiza katika kompyuta yangu. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, nikaenda kusali. Nilipokuwa kwenye msala, binti akapigiwa simu kwamba gari lake limefika, akamwachia mwenzangu wa dirisha la dawa ile flashi. "Ifuteni mara moja, isibaki na kitu." Mwenzangu akamjibu, "Inshaallah."

Nyie mnajua inshaallah za kwetu.

Wiki ile ile nilikwenda Chokocho. Hakuna aliyenituma. Daktari alitaka kupiga simu, nikamwambia daktari, hili si la simu, simu nayo ina masikio ya wakwe. Nilimkuta yule mama uani anaanika makopa, vipande vyeupe vya muhogo juu ya jamvi, na mama mkwe wake kibarazani akiponda tambuu. Niliamkia, nikaulizwa za Wawi, za watoto, za mvua. Nikasema nilikuwa napita tu nikaona nije nimuangalie mwenzangu. Uongo mtupu, Mungu anisamehe, lakini mbele ya mkwe utasema nini? Nikachutama, nikaanza kugeuza makopa naye.

Alingoja mpaka mama mkwe alipoingia ndani kutafuta chokaa ya tambuu yake. Hapo akasema bila ya kunitazama, "Mmekuja kuniuguza kwa nguvu?"

"Nimekuja kukuomba radhi," nikamwambia. "Na kukwambia kwamba mlango ule umefungwa."

"Mlango gani?"

Nikajaribu kumweleza. Nilianza na seva, nikaona uso wake unafunga. Nikaacha. Nikamuuliza, "Mtu akibisha hodi hapa kwako na mlango umefungwa, unamfungulia kwa sababu kasema hodi?"

"Aka! Hodi kila mtu anaijua. Mwizi pia anaijua."

"Unamfungulia kwa nini?"

"Kwa sauti yake. Nikimjua."

"Basi zamani sie tulikuwa tunafungua kwa hodi tu. Sasa tunafungua kwa sauti. Mashine ile pale mezani kwangu inajulikana kwa sauti yake huko hospitali, na sauti haiazimwi. Picha yako itatoka kwangu itafika kwao. Majibu yatatoka kwao yatafika kwangu, na mie nitakupa wewe. Na karatasi haichapwi tena, utaisoma na daktari mlango umefungwa."

Aligeuza makopa, safu nzima. "Unaniapia?"

Nilitaka kuapa. Ulimi ulikuwa tayari kwenye wallahi. Nikaona hapana, kiapo nacho ni neno, na kwa maneno ndiko tulikomuumiza. "Sikuapii," nikamwambia. "Lakini siku ukija utakaa kiti cha pembeni yangu, utaona kila ninachokifanya. Ukiona kitu hukukipenda, inuka uende zako, sitakufuata tena."

Mama mkwe akatoka na chokaa yake. Yule mama akanyanyuka, akapangusa mikono kwenye kanga. "Mwenzangu huyu anataka kwenda zake," akasema kwa sauti, "namsindikiza." Njiani, penye migomba, akasimama. "Ugonjwa siuogopi sana. Mungu ndiye mwenye kuutoa. Nnaogopa kupewa pole na watu na mie sijui kitu. Kama nnakufa, nataka niwe wa kwanza kuambiwa." Nilitaka kulia, nikakohoa. Akanishika mkono akasema atakuja siku ambayo mabingwa wanakaa.

Akaja. Mabingwa walikuwa wakikaa asubuhi moja kila wiki kutazama picha za wagonjwa kama yeye, na picha isiyofika siku hiyo inangoja wiki ijayo. Daktari akampiga picha ya pili. Akakaa kwenye kiti cha pembeni yangu kama nilivyomuahidi, mkoba mapajani, macho kwenye kioo cha kompyuta. Picha yake ilikuwa tayari, na mkono wangu umeshafika kwenye kitufe cha kutuma.

"Hodi wenyewe!" Bwana wa stesheneri huyo mlangoni, mkononi bahasha za dawa tulizomuagiza. Tangu zile siku za matusi yangu alikuwa akijitahidi kunifurahisha. "Na ule ufunguo wenu, dada, usiwe na wasiwasi. Nimeuweka mahali pazuri."

Mkono wangu ukasimama. "Ufunguo gani?"

"Ule wa kwenye flashi. Nimeutia na ndani ya kompyuta yangu, flashi zenyewe hazina uhai."

Niligeuka kwenye dirisha la dawa. Mwenzangu kainamisha kichwa anahesabu vidonge ambavyo nilijua ameshavihesabu.

"Weye! Uliambiwa uifute!"

"Niufute ufunguo mzima mzima?" akajibu, kakasirika yeye. "Nyumba gani isiyoacha ufunguo kwa jirani? Mie nikitoka kwangu naacha ufunguo kwa jirani, weye unaacha kwa jirani, daktari anaacha kwa jirani. Mashine yako ikifa, au ukifa weye, Mungu apishe mbali, tutaingiaje? Nimeuweka amana kwa mtu mwema. Kosa langu nini?"

Lo! Na wote wakanitazama mie kana kwamba mkosa ni mie. Kusema kweli kila alichosema ni desturi yetu tangu na tangu. Hata huku Wawi ninapokaa, ufunguo wa nyumba yangu muda ule ule ulikuwa umetundikwa jikoni kwa jirani. Sie hatujui kufunga mlango bila ya kumwachia mtu njia ya kuingia. Mjukuu akirudi skuli atakaa wapi? Mgeni akija ghafla? Kumnyima jirani ufunguo ni kumwambia humuamini, na hilo kwetu ni tusi kubwa kuliko yote niliyomtukana yule bwana.

Daktari akatoka chumbani kwake kwa zile kelele. Akaelezwa. Akakuna kidevu. "Huyu bwana tunamjua," akasema kwa upole. "Hawezi kufungua kitu. Tuma hii ya leo, mabingwa wameshakaa. Mengine tutayatengeneza kesho."

Yalikuwa maneno ya busara. Ndiyo ubaya wake. Wiki moja kwa uvimbe ule si kitu cha kuchezea, na daktari ndiye mwenye kujua. Lakini nilikuwa na mwanamke amekaa pembeni yangu, na ufunguo wa siri yake uko ng'ambo ya njia, kwenye meza ile ile.

Nilimpigia binti wa Kiuyu. Nikamwambia kila kitu mbele ya wote. Akasema kosa na lake limo, asingeuleta kwenye flashi. "Naweza kukifuta cheti hiki sasa hivi, shangazi. Kikishafutwa, hata mwenye ufunguo wake seva itamkataa. Lakini na nyinyi itakukataeni, mpaka nikutengenezeeni kingine. Na anayetia mhuri yuko kwenye kikao. Sikuahidi kama itawahi leo."

Nikageuka kwa mama wa Chokocho. Sikumficha. "Ufunguo ulitoka nje," nikamwambia. "Nikituma sasa, picha yako itafika kwa wakati, na pengine hakuna atakayeiona asiyetakiwa. Pengine. Nikikifuta cheti, hakuna wa kuiona kabisa, lakini huenda ukangoja wiki nzima. Titi ni lako. Sema weye."

Bwana wa stesheneri akaweka bahasha zake chini polepole. Yule mama alikitazama kile kitufe cha kutuma. Akamtazama daktari, akanitazama mie kwa muda mrefu, na nilikuwa nimejitayarisha kumuona akiinuka.

"Weye ungefanya nini?" akaniuliza.

"Ningekifuta."

"Basi kifute." Akauweka mkoba wake chini, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Nitangoja. Mara ile hakuna aliyeniuliza."

"Kifute, mwanangu," nikasema kwenye simu. Kikafutwa. Nikajaribu kuingia, seva ikanikataa peupe kama haijawahi kunijua. Bwana wa stesheneri akakimbia kwake, akajaribu kwa ufunguo wake, akarudi anahema. "Imenikataa na mie!" akatangaza, na alifurahi kweli, maskini, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akaahidi kuifuta ile amana kwa mkono wake, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameifuta, akaniletea na flashi yenyewe niishike.

Tukakaa kungoja. Mwenzangu wa dirisha la dawa alinuna kwa muda, kisha akatoka akarudi na chai na maandazi, akampa mama wa Chokocho kwanza, kisha mie. "Sikujua," akasema huku akiangalia kikombe. "Nilidhani ni ufunguo kama funguo." Nikamwambia na mie ningedhani hivyo. Tulikula maandazi watatu kwenye meza ya mapokezi, wagonjwa wakitushangaa.

Simu ikalia. Binti wa Kiuyu kampata mtu wa mhuri akitoka kwenye kikao. Safari hii mtandao ulikuwa macho, akanielekeza nibonyeze hapa, niandike pale, na kompyuta yangu ikatengeneza ufunguo wake yenyewe, humo humo ndani mwake. "Huu hautoki, shangazi. Hata ukitaka kuuazima, mashine haitakupa. Ikifa, tunaizika na ufunguo wake, tunakutengenezeeni mwengine." Kilichokwenda kwao ni ombi tu la cheti. Kikarudi cheti na mhuri wake.

"Nimewaomba mabingwa wasiondoke," akaongeza. "Bingwa mmoja wa kike kabaki na wenzake wawili. Haya, bisha hodi."

Nikamvutia mama wa Chokocho kiti karibu. "Bonyeza weye," nikamwambia. Akanyoosha kidole chake cha kupandia muhogo, akabonyeza, na picha ikaenda.

Majibu yalirudi ikikaribia alasiri. Niliona faili limefika, na sikulifungua. Nilimwita daktari, nikamwachia kiti changu pembeni ya yule mama, nikatoka na wengine wote, nikafunga mlango. Nilikaa kwenye benchi la nje na mwenzangu, tukisoma kila aya tunayoijua. Walikaa mle muda. Mlango ulipofunguliwa, macho ya yule mama yalikuwa mekundu lakini kichwa kiko juu. Majibu yenyewe hakuniambia. Aliniaga kwa kunishika mikono, akasema, "Leo nimeambiwa mwanzo." Akaenda zake.

Baadaye kazi ikanilazimisha kujua, kwa sababu mie ndiye niliyemwandikia miadi yake ng'ambo. Ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe, ila bado mchanga, wa kukatwa na kutibiwa akapona. Nikayatia maneno yale ndani, nikafunga. Mume wangu aliniuliza mbona siku hizi nina furaha, nikamwambia ni hewa.

Msimu wa karafuu ulipita. Rafiki yangu mmoja aliozesha mwanawe huko Chokocho, nikaenda kwenye shughuli. Tulikuwa uani tunachambua mchele, wanawake tumejipanga juu ya majamvi, mdomo haufungwi. Yule aliyekaa pembeni yangu, mwenyeji wa hapo, akanigusa goti.

"Unamuona yule pale kwenye sufuria?"

Nikatazama. Mama wa Chokocho alikuwa amesimama na upawa wake, kanga kaifunga kiunoni, anabishana na mtu kuhusu chumvi ya pilau, na sauti yake inasikika ua mzima.

"Namuona."

"Basi yule alikuwa na maradhi makubwa, shoga. Makubwa! Mwanzo palinong'onwa kidogo, tukaona ni uvumi tu, kumbe katibiwa ng'ambo, kapona, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwa hakika. Majuzi katuita mwenyewe, katukalisha, katueleza yote kwa mdomo wake. Mpaka mkwewe hakuwa na habari. Na katuambia sote twende tukapimwe." Akanisogelea, macho yanamng'ara kwa utamu wa habari. "Weye ulikuwa unajua?"

Pale penye sufuria upawa ulisimama. Yule mama alikuwa amegeuka ananitazama, na midomo inamcheza.

"Kumbe!" nikasema. "Hebu nihadithie."